Pikipiki za zamani za Uingereza: juu ya nini kupata janti inayofaa ni kazi ngumu

Kwa motari wa Goma, Bukavu ao Butembo, janti ikipinda haiko jambo la kulilia. Anapeleka gurudumu kwa fundi, fundi anaipiga nyundo polepole, anakaza reyo, na motari anarudi barabarani siku ile ile. Ikiwa imepasuka kabisa, anaingia soko, anataja jina la pikipiki yake, na wanamletea mpya iliyotoka India ao China. Lakini mbali na hapa kuna watu wanaoweza kupitisha miezi mingi wakitafuta janti mbili tu. Ni wale wenye pikipiki za zamani za Uingereza: BSA, Triumph, Norton, Matchless, Ariel, Velocette. Viwanda vilivyozitengeneza vilikwisha kufungwa, lakini pikipiki zenyewe zingali zinatembea, nyingi kati yazo na umri wa miaka 50, 60 ao zaidi.

Wazee fulani wa huku wanajua jina BSA kwa sababu ya baiskeli. Herufi zile tatu ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki wa mji wa Birmingham. Kutoka bunduki waliingia katika baiskeli, na kutoka baiskeli katika pikipiki. Mji huo na miji jirani yake ulikuwa kitovu cha kazi hiyo: Triumph ilikuwa Meriden, karibu na Coventry, Royal Enfield ilikuwa Redditch, Norton ilikuwa Birmingham kwa miaka mingi. Kisha Wajapani wakafika. Honda ilipotoa CB750 mwaka 1969, ikiwa na injini ya silinda ine na kuwashwa kwa kifungo, viwanda vya Uingereza vilikuwa vimekwisha choka. Velocette ilifunga mwaka 1971. BSA ilianguka na mwaka 1973 ikaunganishwa na Norton na Triumph. Kiwanda cha Meriden, kilichoshikwa na wafanyakazi wenyewe, kilizima mwaka 1983. Triumph ya leo, ile ya Hinckley, ni kampuni mpya yenye jina la zamani.

Royal Enfield njo iliyopata bahati ya pekee. Tangu mwaka 1955 pikipiki hizo zilianza kuunganishwa Madras, na wakati Waingereza walipoacha, Wahindi waliendelea. Ni inchi ile ile inayotuma Kivu na Ituri pikipiki za TVS na Bajaj.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. BSA ao Triumph hazikuwa zinatengeneza janti zao zote zenyewe. Walizinunua kwa wengine, kama vile Dunlop na Jones, zikiwa zimetobolewa kufuatana na oda ya kila kiwanda. Kwa hiyo kiwanda cha pikipiki kilipofunga, hata yule aliyekuwa anakiuzia janti hakuwa tena na sababu ya kuendelea. Ramani za kutoboa zilibaki kwenye makaratasi, zingine zikapotea. Ni kama fundi mwashi akifa, na yule aliyekuwa anamchomea matofali ya kipimo cha pekee afunge tanuru lake pia.

Hatari inayofichwa na mpira

Juu ya nini mtu asibakie tu na janti za zamani? Wengine wanabakia nazo, na ikiwa ni nzima wanafanya vizuri. Shida ni kwamba janti ya chuma inaoza kwa ndani kuanza. Maji yanaingia kupitia matundu ya reyo na tundu la valvu, yanakaa chini ya mpira, pale ambapo hewa haifiki na jua halifiki. Upande wa nje kromu inaweza kuangaa kama kioo, lakini ndani chuma kimekwisha kuwa unga mwekundu. Pikipiki iliyolala miaka 30 katika hangari yenye unyevu, ikiwa na mpira ule ule uliokosa upepo, ni mfano mubaya kuliko yote, kwa sababu uzito wote ulikaa sehemu moja na maji yakabaki pale.

Kinachofuata si jambo la uzuri wa macho tu. Kila reyo inavuta janti kuelekea katikati. Mahali ambapo kichwa cha reyo kinashikilia, chuma kikipungua, kichwa kinaweza kuchomoka na kupita ndani ya tundu. Reyo moja ikilegea, jirani zake zinabeba mzigo wake, nazo zinaanza kukatika. Tena ukingo ambao mpira unakalia ukiliwa na kutu, mpira haushiki vizuri. Janti za aina hii ya zamani hazina ule mgongo mdogo wa ndani unaozuia mpira kuteleza wakati upepo unatoka kwa ghafula. Mpira ukipasuka kwa mwendo, unaweza kuacha nafasi yake. Gurudumu la mbele likifanya hivyo kwenye kilometa 90 kwa saa, mwenye kuendesha hana cha kufanya.

Na kuna sheria moja inayofanya jambo hili kuwa zito zaidi kule Uingereza. Tangu mwezi wa tano 2018, gari na pikipiki zilizopitisha miaka 40, ikiwa hazikubadilishwa sana, hazilazimishwi tena kupita kila mwaka kwenye ukaguzi wa ufundi. Sheria ingali inamtaka mwenyewe awe na pikipiki iliyo salama barabarani, lakini hakuna mkaguzi anayemlazimisha kuileta. Kwa hiyo anayepaswa kutoa mpira, kusugua janti kwa brosi ya chuma, kuchokoa kila tundu kwa msumari mkali na kutafuta nyufa ni mwenyewe ao fundi wake. Kama msumari unaingia ao kama mwanga wa tochi unapita mahali pasipo na tundu, mazungumuzo yamekwisha: janti hiyo haitembei tena.

Namba zinasema nini

Anayetafuta janti anaanza kwa kusoma. Kwenye janti nyingi za Uingereza kuna maandishi yaliyogongwa katika chuma, mara nyingi karibu na tundu la valvu, na mara nyingi yamefunikwa na rangi ao kutu. Yanaweza kusema, kwa mfano, WM2-19. Namba ya mwisho, 19, ni kipenyo kwa inchi, wengine huku wanasema pusi. WM2 ni upana. WM1 ni inchi 1.60, WM2 ni 1.85, WM3 ni 2.15. Motari yeyote wa Kivu anaweza kuangalia janti ya reyo ya pikipiki yake na huenda atakuta 1.60 ao 1.85 imeandikwa pale pale. Ni vipimo vile vile. Herufi zilitoka, namba zikabaki.

Hapa wengi wanadanganyika. Inchi 19 hazipimwi kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje. Zinapimwa pale ambapo mpira unakalia, ndani ya kingo. Mtu akiweka meta juu ya janti akaitoa kwa nje, atapata zaidi ya inchi moja ya ziada, ataagiza janti ya 20, na mpira wake hautaingia. Upana nao unapimwa ndani, kati ya kingo mbili.

Tena haifai kuamini kwamba janti iliyo kwenye pikipiki leo njo ile iliyotoka nayo kiwandani. Katika miaka 60 pikipiki imepita mikononi mwa watu wengi. Norton Commando ilitoka na magurudumu ya inchi 19 mbele na nyuma. Triumph Bonneville ya mwisho wa miaka ya 1960 ilikuwa na 19 mbele na 18 nyuma. Lakini mtu alitaka mpira mnene, mwingine alikuta ya bei ndogo, mwingine alichukua gurudumu la pikipiki nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo, mbele ya kulipa, wanaojua kazi wanatafuta kitabu cha piesi cha mwaka ule ule wa pikipiki, wanalinganisha.

Kwa zile za zamani kabisa, za mbele ya mwisho wa miaka ya 1920, hata hesabu ni nyingine. Mpira wake ulishikwa na ukingo wenye kujikunja kwa ndani, na ulihitaji upepo mwingi ili usitoke. Janti ya namna hiyo haipokei mpira wa kisasa hata kidogo.

Matundu njo yanayovunja watu kichwa

Tuseme sasa mtu amepata janti ya WM2-19, mpya, ya chuma kizuri. Anahesabu matundu: 40. Gurudumu lake pia ni 40. Anafurahi. Anafika nyumbani, anaanza kufunga reyo, na reyo zinaingia zikiwa zimepinda. Kosa liko wapi?

Janti haitobolewi tu matundu ya moja kwa moja. Kila tundu linapigwa kwanza kama kifundo kidogo kinachochomoza, na tundu linalala upande fulani: kulia ao kushoto, mbele ao nyuma. Upande huo unategemea kitovu cha gurudumu, maana yake kile kipande cha katikati kinachobeba breki na ambapo reyo zinaanzia. Kitovu chenye breki kubwa kina mduara mkubwa wa matundu, na reyo zake zinafika kwenye janti kwa pembe nyingine kuliko zile za kitovu kidogo. Zaidi ya hiyo, kwenye pikipiki nyingi za Uingereza kitovu kina upande mkubwa wa breki na upande mdogo usio na breki. Reyo za kuume na za kushoto hazilingani urefu, wala hazilali sawasawa. Triumph na BSA zilibadilisha kitovu mara nyingi: kuna kile cha nusu upana, kuna cha upana mzima, na tangu mwaka 1971 kuna chenye umbo la koni. Janti mbili zenye kipenyo kimoja, upana umoja na matundu 40 zinaweza kuwa hazibadilishani kabisa.

Nini kinatokea mtu akilazimisha? Reyo inakunjwa pale inapoingia katika kichwa chake. Siku ya kwanza gurudumu linazunguka vizuri. Lakini kila mzunguko, pale penye kukunjwa panachezeshwa kidogo, kama waya ambao mtoto anaukunja na kuukunjua mpaka ukatike. Baada ya kilometa mia kadhaa ao elfu kadhaa reyo zinaanza kukatika moja moja, na mwenye pikipiki analaumu reyo, wakati kosa ni la janti.

Kwa sababu hiyo, anayeuza janti akiuliza paka kipenyo na upana peke yake, inafaa kumwogopa. Muuzaji wa kweli atauliza: pikipiki gani, mwaka gani, ya mbele ao ya nyuma, breki ya inchi ngapi, kitovu gani. Wengine wanaomba watumiwe gurudumu lenyewe ao kitovu. Na kuna janti zinazouzwa bila matundu yoyote, ili zitobolewe kufuatana na kitovu cha mteja. Hizo ni msaada mukubwa kwa pikipiki zilizotengenezwa chache, ambazo hakuna mtu anayeziwekea janti tayari dukani.

Hii pia njo sababu janti ya pikipiki ndogo ya Asia haiwezi kuokoa Norton, hata kama kipenyo kinalingana. Nyingi zao ni za matundu 36, na hata pembe ni ya vitovu vyao wenyewe.

Kuchagua kati ya vibaya na vya bei

Njia ya kwanza ni kuokoa janti ya zamani. Ikiwa chuma kingali kinene, wanaitoa kromu ya zamani, wanasugua, wanaipaka nikeli, mara nyingi na shaba chini yake, halafu kromu juu. Kazi hii inapendwa na wale wanaotaka pikipiki ibakie na vyote ilivyozaliwa navyo. Lakini kila shimo la kutu linaondolewa kwa kusaga, na kusaga ni kupunguza chuma. Vile vifundo vya reyo ni vigumu kusafisha. Kromu yenyewe inafanywa kwa dawa ambayo ni sumu na inaweza kuleta kansa, na viwanda vya Ulaya vinavyoitumia vinafuatwa na sheria kali. Vidogo vingi viliacha. Matokeo ni kwamba kupaka kromu janti ya zamani kunaweza kugharimu karibu na mpya, ao kuipita.

Njia ya pili ni janti mpya ya chuma yenye kromu. Kule Uingereza kuna kampuni kama Central Wheel Components, iliyo karibu na Birmingham, inayoshugulika na janti na reyo za pikipiki za namna hii. Zingine zinatoka India, kwa bei ndogo. Haifai kudharau mali ya India, inchi ambayo imetengeneza Royal Enfield kwa miaka karibu 70. Lakini kromu nyembamba ni kromu nyembamba: kama nikeli ya chini ni chache, mvua ya miezi michache inaonyesha madoadoa ya kutu, na bei ndogo inakuwa bei ya mara mbili.

Inoksi ni ya tatu. Haina ngozi ya juu ya kubanduka, inavumilia mvua na chumvi ambayo Wazungu wanamwaga barabarani wakati wa barafu. Wapinzani wake wanasema rangi yake haiko kama ya kromu, ina kivuli cha manjano kidogo. Kwa mtu anayetembeza pikipiki yake kila juma, hoja hiyo haina uzito. Kwa mtu anayeipeleka kwenye mashindano ya uzuri, inaweza kumkosesha alama.

Kisha kuna aluminiu. Borrani ya Italia, Akront ya Hispania na Excel ya Japani ni majina yanayojulikana. Ni nyepesi, na pikipiki nyingi za mbio za zamani zilikuwa nazo. Ukiziweka kwenye pikipiki ya kawaida ya mwaka 1955, inaendeshwa vizuri, lakini haifanani tena na ile iliyotoka kiwandani.

Jambo la sura linaweza kuchekesha mtu wa huku, lakini kwao ni zito. BSA M20, ile ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, ilitengenezwa zaidi ya 100 000. Wakati wa vita kromu haikupotezwa kwenye magurudumu ya askari. Janti zilipakwa rangi tu. Mtu anayeivalisha M20 ya jeshi janti zenye kuangaa kama sahani ya arusi ametumia feza nyingi ili kukosea. Kinyume chake, kuna pikipiki za mbele ya vita ambazo janti ilikuwa na kromu pembeni, na katikati rangi yenye mstari mwembamba uliochorwa kwa mkono. Huyo wa mistari anatafutwa kuliko hata janti yenyewe.

Wanazitafutia wapi

Kuna masoko ya vitu vya zamani yanayopangwa kwa siku kadhaa, watu wanatandika piesi chini kama vile kwenye soko la mitumba. La Beaulieu, kusini mwa Uingereza, lilianza mwaka 1967 na linajulikana mbali. Pale janti ya kweli ya Dunlop inaweza kulala kati ya karabureta na taa zilizovunjika. Mununuzi mwerevu anafika na mzingo wa meta, rula iliyonyooka na karatasi yenye vipimo vya kitovu chake. Anaizungusha janti chini ili aone kama inayumba. Anaweka kidole ndani ya kila tundu. Na haamini rangi mpya iliyopakwa jana.

Vilabu vinasaidia kuliko masoko. Vintage Motor Cycle Club ilianzishwa mwaka 1946, na ina maktaba ya vitabu vya viwanda. BSA, Norton na Triumph kila moja ina kilabu cha wenye pikipiki hizo. Faida kubwa ya kilabu ni mzee mmoja aliyekwisha kufunga gurudumu la namna hiyo mara ishirini na anayekumbuka vipimo kwa kichwa. Wazee hao wanapungua, na ujuzi wao haujaandikwa wote.

Kipimo kimoja ambacho mzee kama huyo atauliza kwanza ni kile ambacho wengi wamekwisha kukiharibu: janti ilikaa umbali gani kutoka upande wa kitovu. Kwenye pikipiki nyingi hizi janti haiko katikati kabisa ya kitovu. Inaelekea upande mmoja ili gurudumu la nyuma lifuatane na la mbele na mnyororo upite. Kinapimwa kwa kulaza rula juu ya ukingo wa kitovu na kuangalia nafasi iliyo kati yake na janti, mbele ya kukata ao kufungua reyo hata moja. Mtu akikata reyo za zamani zenye kutu kwa mkasi mkubwa, akatupa, ndipo aanze kuuliza, atalazimika kutafuta kipimo kwa kubahatisha, akifunga na kufungua mara tatu ao ine.

Baada ya kufungwa, gurudumu linazungushwa kwenye fremu, linanyooshwa kwanza juu na chini, kisha pembeni, na reyo zinagongwa kwa bisibisi: zenye sauti ya chini zimelegea. Kitambaa cha mpira kinafunika vichwa vya reyo ili visitoboe mpira wa ndani. Baada ya kilometa mia za kwanza fundi anarudi kukaza tena, kwa sababu reyo mpya zinajilaza katika nafasi zao. Janti ya zamani, hata iliyooza, wenye akili hawaitupi mara moja; wanaining'iniza ukutani mpaka mpya imetembea, kwa sababu matundu yake na namba zake njo ramani pekee iliyobaki.